Jumapili ya Kupamba Makaburi

Jumatatu, 4 Februari

Shule imefunguliwa tena baada ya theluji.

Mume wangu, Denzil, alikuwa akiandika hali ya hewa kwenye kalenda ya duka la chakula cha mifugo, ndani ya vile vyumba vidogo vya tarehe: "Mvua." "Jalidi." "Kijito kimejaa." Tangu alipofariki mwezi wa nane vyumba vile vimebaki vitupu, na kila ninapochukua sufuria ukutani naviona. Leo nimejaribu kuandika "theluji inayeyuka" nikaona mwandiko wangu ni mkubwa, hauenei. Ndiyo maana nimeanza daftari hili.

Kazi yangu ni ile ile, msaidizi wa darasa la nane katika vipindi vya historia ya jimbo na uraia. Ninakaa safu ya nyuma na wale wanaosoma polepole, ninawashikia mstari kwa kidole. Mwalimu wa mwaka huu, Bwana Rusk, ni kijana kutoka mjini, kaskazini mwa jimbo. Anavaa viatu visivyojua matope. Leo ameandika ubaoni wito wa West Virginia: Watu wa milimani wako huru daima. Akauliza una maana gani.

Colt Estep hakungoja kuitwa. "Huru mpaka getini, Mwalimu."

Darasa zima likacheka. Bwana Rusk hakujua ni geti gani. Sisi wengine tulijua. Maci Toler, ambaye baba yake ndiye mlinzi wa geti hilo, aliinamia kitabu na kupiga mstari chini ya neno moja mpaka karatasi ikatoboka.

Jumatano, 6 Februari

Mvua ya baridi. Maharage na mkate wa mahindi. Nimepika ya watu wawili tena.

Jumapili, 10 Februari

Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Denzil. Nilijaza chupa ya kahawa, nikachukua vikombe viwili na reki, nikapanda bonde la Stiltner kwa pikapu yake.

Makaburi ya Stiltner yako juu mgongoni mwa mlima, kwa sababu wazee wetu hawakutaka kuzika mtu kwenye udongo wa kupandia mahindi. Denzil yuko kule, kando ya mama yake. Jiwe lake bado. Ana kibati tu cha watu wa mazishi. Mwezi wa kumi msitu wa juu uliuzwa kwa kampuni ambayo sisi hatujawahi kumwona mtu wake, na kabla majani hayajaisha kudondoka, geti la chuma likasimama njiani. Sijafika kwa mume wangu tangu wakati huo.

Ronnie Toler alitoka kwenye kibanda akiwa bado anafunga koti.

"Bi Oleta."

"Ronnie."

"Njia imefungwa, mama."

"Najua. Naenda kwa Denzil tu, kisha narudi."

Akaitazama ile chupa na vikombe viwili, akatazama pembeni. "Ingekuwa juu yangu ungekuwa umeshapita. Lakini ile pale ni kamera, na kuna mtu anaitazama. Andika barua ofisini, uombe ruhusa."

"Nimwombe nani ruhusa ya kumwona mume wangu?"

"Sheria sikutunga mimi."

"Ni kweli. Wewe umeshika ufunguo tu."

Nikageuza gari. Kahawa nimeinywa nyumbani, vikombe vyote viwili.

Sitaandika barua. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuomba kwenda makaburini. Mtu anaweza kununua mlima akapata miti na mawe yake. Waliolala mle hakuwanunua. Ukiomba mara moja tu, umekubali kwamba ni wake, na mwakani utaomba tena. Denzil angesema hivyo hivyo.

Ninachokiogopa ni mwezi wa tano. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo ndiyo ya Kupamba. Bonde zima hupanda na majembe na maua, makaburi yanapaliliwa mpaka udongo unaonekana, watu huimba, huhubiri, hula pale pale kwenye majani. Tangu niolewe sijakosa. Denzil alikuwa na desturi zake siku ile. Alikuwa akitundika kofia yake kwenye mwerezi. Na kila mwaka alinunua kikopo cha ugoro, yeye ambaye hata sigara hakuvuta, akaweka kidogo juu ya jiwe moja la bapa karibu na uzio, jiwe lisilo na jina kama mengi yalivyo kule. Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Nisipompa atanisema," akacheka. Mikono yangu ilikuwa imebeba keki, sikuuliza ni nani.

Alhamisi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Watoto wamepeana peremende zenye umbo la moyo. Colt ameniwekea moja mezani. Imeandikwa "Nipigie."

Alhamisi, 21 Februari

Mtihani wa Kiatu cha Farasi cha Dhahabu. Darasa la nane jimbo zima hufanya, historia na serikali ya West Virginia, na washindi huenda mji mkuu, wakapiga magoti wakaguswa bega kwa upanga kama mashujaa wa zamani. Maci anautaka upanga huo tangu darasa la nne. Ametaja wilaya zote hamsini na tano akiwa kwenye foleni ya chakula, mpaka mpishi akamwambia, "Mwanangu, chukua maziwa upite."

Jumanne, 5 Machi

Leo Bwana Rusk amefundisha vita vya wachimbaji wa makaa ya mawe, mwaka 1921. Watoto hawa hulala kwenye somo la katiba, lakini hapa waliamka. Akawaeleza jinsi wachimbaji walivyoandamana kwa maelfu, vitambaa vyekundu shingoni, na kabla ya hapo jinsi walinzi wa kampuni walivyozitoa familia nje ya nyumba, vyombo vikarushwa kwenye mvua.

Colt akageuka kwenye kiti. "Mwalimu, tumuulize Maci. Baba yake atatuambia walinzi wanajisikiaje."

"Angalau baba yangu ana kazi," Maci akasema. "Wako analinda kochi."

Darasa likazomea.

"Kochi halijamzuia mjane kwenda kaburini," akasema Colt.

Vichwa vyote vikageuka nyuma, kunitazama mimi. Maci akarusha kitabu. Kilimpata Colt sikioni. Bwana Rusk akawatoa wote wawili nje, akabaki amesimama na chaki mkononi, uso umemwiva.

Nitaandika ukweli. Colt aliposema vile nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekunywa supu ya moto. Nilipofika nyumbani ilikuwa imeshapoa. Maci ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mimi nilifurahi akichomwa kwa maneno kwa kosa ambalo si lake.

Baada ya kipindi Bwana Rusk alikuja kukaa safu ya nyuma, kwenye kiti kidogo, magoti juu. "Bi Oleta, hilo geti ni nini? Nimekuwa nikicheka na watoto kitu nisichokijua."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa nimemdhania wa kunikatiza.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Kijito kimejaa. Basi halikuvuka.

Jumatano, 13 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Matokeo ya Kiatu cha Dhahabu. Hakuna hata mmoja wa shule yetu. Maci aliomba kwenda msalani, akakaa kipindi kizima. Nikatumwa.

"Maci, ni Bi Oleta."

"Najua. Naona viatu vyako."

"Ulikosa kwa mengi?"

"Kidogo tu. Ndiyo mbaya zaidi."

Nikaegemea sinki. "Denzil aliufanya mtihani huo enzi zake. Alikuwa akisema swali alilopata ni la jina lake tu, na hata hilo walimrekebisha."

Nyuma ya mlango nikasikia kitu kama kicheko kilichochanganyika na kamasi. Kisha akasema, "Bi Oleta, baba hakula siku ile."

"Siku ipi?"

"Uliyokuja na vikombe. Alirudi akazima tivii. Akasema, 'Leo nimemzuia mke wa mtu aliyembeba mama yangu.'"

Nilikuwa nimesahau. Denzil alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la mama yake Ronnie, kule kanisani, siku yenye matope mpaka kwenye vifundo.

"Akiondolewa pale tunahamia Ohio kwa shangazi," Maci akasema. "Baba alikaa sana bila kazi. Hujui anavyokuwa akikaa."

Nilijua kidogo. Nilikuwa na mume aliyetolewa mgodini na mapafu yake.

"Toka unawe uso," nikamwambia. "Leo kuna mkate wa soseji."

Jumanne, 9 Aprili

Vitunguu pori vimechipua milimani, vile vinavyomnukisha mtu siku nzima, na Colt amekula vibichi na viazi asubuhi. Madirisha yote yamefunguliwa, na bado Bwana Rusk alifundisha akiwa mlangoni. "Colt, umekula nini?" "Urithi wangu, Mwalimu." Amerudishwa nyumbani. Nadhani ndicho alichotaka.

Alhamisi, 11 Aprili

Somo la uraia: jinsi ya kusoma sheria. Bwana Rusk alileta kurasa kadhaa za sheria za jimbo, kila kundi likachagua moja. Kuna sheria za kuvua samaki, za kelele, za mbwa. Katikati yake alikuwa ameweka moja ya makaburi. Hakunitazama alipoiweka, na hapo nikajua ameiweka kwa makusudi.

Kundi la Maci likaichagua. Yeye ndiye alisimama kueleza.

"Kama kuna makaburi kwenye ardhi ya mtu binafsi," alisema, "mwenye ardhi lazima awaache jamaa wa marehemu wapite kwenda kuzuru na kutunza. Siyo jamaa tu. Marafiki wa karibu, na wazao. Anaweza kupanga saa, lakini kwa busara. Na wao wanamjulisha mapema."

"Wanamwomba," akasema Bwana Rusk, kama anayemjaribu.

"Hapana. Wanamjulisha."

"Tofauti yake?"

Maci akafikiri. "Nikimwambia mama naenda kuoga, sijaomba. Nimemwambia tu ili asishtuke akisikia maji."

"Kwetu watu saba, bafu moja," akasema Colt. "Kwetu unaomba."

Walipomaliza kucheka Maci akasema tena, polepole, akinitazama mimi pale nyuma, "Ni taarifa. Mtu anaweza kuiandika bila kukubali chochote."

Yaani msichana yule alikuwa ameelewa kwa nini sijaandika. Sikuwa nimemwambia mtu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeandika. Mistari michache: mimi ni Oleta Stiltner, mume wangu na watu wake wamezikwa huko, nawataarifu kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano tutapanda Kupamba kama ilivyo kawaida. Kwa kuwa ofisi haina mlango tunaoujua, nimepeleka getini. Ronnie akaisoma yote, akasaini kwamba ameipokea. Mwandiko wake ni mzuri, sikutegemea.

"Umeandika vizuri, mama," akasema.

"Nimeandika ukweli."

Mizambarau-pori imechanua kando ya kijito. Denzil angeandika "Mizambarau imechanua" kwenye chumba cha leo cha kalenda.

Jumatatu, 22 Aprili

Hakuna jibu. Nimepanda njegere.

Jumatatu, 29 Aprili

Jibu. Wanakubali watu wawili wa familia, siku ya Jumanne inayofuata Jumapili hiyo, saa nne mpaka saa sita mchana.

Watu wawili. Jumanne. Nitampeleka nani? Na nitaimba na nani?

Jumanne, 30 Aprili

Nilimwonyesha Bwana Rusk wakati wa chakula. Akaniuliza kama anaweza kuitumia darasani bila jina. Nikasema sawa, ingawa jina lilikuwa limeandikwa kwenye nyuso zao zote.

"Je, barua hii inavunja sheria?" akawauliza.

"Ndiyo!" wakapiga kelele.

"Someni tena."

Wakasoma. Ilichukua muda. Safu yangu ya nyuma nayo ilisoma, kidole kwenye mstari. Mwisho msichana mmoja akasema haivunji. Mwenye ardhi amekubali jamaa wapite, amepanga saa.

"Saa zenye busara?" akauliza Bwana Rusk. "Nani anaamua busara?"

"Jaji," akasema mmoja.

"Na jaji akiwa mbali, na mwezi wa tano ukiwa karibu?"

Colt alikuwa ameinua karatasi karibu na pua. "Hapa panasema wazao," akasema. "Mzao ni nani, hasa? Yaani kama babu wa babu yangu yuko kule, mimi ni mzao?"

"Wewe ni mzao."

"Basi na mimi natoa taarifa. Yangu mwenyewe. Ya Jumapili." Akatazama huku na huku. "Bi Oleta amepewa nafasi mbili kwa sababu ameandika peke yake. Je, kila mtu akiandika yake?"

Nimemjua Colt tangu akiwa tumboni, na sijawahi kumsikia akisoma mstari mpaka mwisho bila kusukumwa.

Kazi ya nyumbani: waulize wazee wako, tuna nani kule juu?

Ijumaa, 3 Mei

Nimesikia darasani majina ambayo sijayasikia tangu mama mkwe wangu alipofariki. Estep wawili. Mtoto mchanga wa akina Muncy, asiyepewa jina. Mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba. Zaidi ya nusu ya darasa wana mtu. Hakuna anayejua jiwe gani ni la nani. Denzil alijua karibu yote. Nilikaa naye miaka yote ile mezani, tukazungumza juu ya bei ya mafuta na mbwa wa jirani.

Maci alisoma la mwisho: "Tennie Toler. Mama wa bibi yake baba. Baba anasema yuko kule, hajui wapi." Akaketi. Hakusema kama wataandika.

Jumanne, 7 Mei

Mkuu wa shule amemwita Bwana Rusk. Shule haiwezi kugombana na kampuni, akasema. Bwana Rusk akamjibu kwamba shule haijaandika chochote. Raia na wazazi wao wameandika, kila mmoja kwa mkono wake, naye kama mwalimu amesahihisha tahajia tu. Katibu wa ofisi alisikia yote kupitia ukuta na kufikia saa nane bonde zima lilikuwa nayo.

Alhamisi, 9 Mei

Wazazi wamekuwa wakisimama getini baada ya kazi, wanampa Ronnie karatasi. Nasikia anasaini kila moja, anapiga simu ofisini kwa kila moja, kama alivyoagizwa.

Jumatatu, 13 Mei

Baridi ya maua ya miberi, inayokuja kila mwaka tukidhani tumeshavua makoti. Jalidi kwenye njegere zangu. Maci hakuja shule.

Jumanne, 14 Mei

Maci hakuja tena. Kwenye chumba cha walimu mtu alisema watu wa ofisi wamechoshwa na Ronnie, kwamba wanadhani yeye ndiye anawachochea watu. Mwingine akasema tayari ameambiwa afungashe.

Jioni nilipanda mpaka getini. Nilikuwa nimefikiri njia nzima. Wafu wako pale, hawaendi popote. Lakini Ohio ni mbali kwa msichana anayejua wilaya zote hamsini na tano.

Ronnie alikuwa ndani ya kibanda na hita miguuni. Alinipa kiti chake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Maci yuko wapi?"

"Homa. Mama yake anamjaza supu."

"Homa tu?"

"Homa tu. Ulidhani nini?"

Nikamwambia niliyosikia. Akapangusa uso kwa kofia.

"Hawajaniambia nifungashe. Wameniambia mambo mengine, lakini siyo hilo. Bado."

"Ronnie, nimekuja kuchukua taarifa yangu. Nitakwenda hiyo Jumanne, kwa saa zangu mbili tu, na Colt na wengine nitawaambia waache. Watanisikia."

Hita ilikuwa ikilia kama paka.

"Siwezi kukupa," akasema.

"Ni yangu."

"Kazi yangu ni kupokea taarifa. Hakuna aliyeniambia kazi yangu ni kurudisha." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. "Na wewe, Bi Oleta, siku ile uliniambia nimeshika ufunguo tu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikuwa na uchungu."

"Ulikuwa sahihi. Nililala na neno hilo kichwani." Akageuka mezani, akavuta karatasi. "Una kalamu? Yangu imeganda."

Nikampa. Akaandika taratibu, akisoma kwa sauti: "Mimi, Ronnie Toler, mzao wa Tennie Toler aliyezikwa kwenye makaburi ya Stiltner, natoa taarifa..." Alipomaliza akasaini. Kisha akaigeuza karatasi upande wa pili, pale mlinzi anaposaini kwamba amepokea, akasaini tena. Akainua simu.

"Ndiyo, ni Toler wa getini. Nyingine. Ndiyo, bwana, nyingine tena. Jina?" Akanitazama. "Toler. Hapana, bwana, hujasikia vibaya. Huyo huyo."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu aliyechoka, na iliendelea kwa muda. Ronnie alisikiliza akisema "ndiyo, bwana" na "naelewa, bwana." Alipoweka simu akaisogeza mikono yake kwenye hita.

"Amesema atanipigia."

Jumatano, 15 Mei

Hakuna neno. Maci amerudi, pua nyekundu. Colt amempa peni yake nzuri.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna neno.

Jumatatu, 20 Mei

Ronnie alinisimamisha njiani, dirisha kwa dirisha. Wamechoka kupanga saa za kila mtu. Geti litafunguliwa Jumapili, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa wote waliotoa taarifa. Sharti ni moja: mlinzi asitoke getini.

"Mlinzi ni wewe," nikasema.

"Ndiyo."

"Na Tennie?"

"Amengoja miaka mia. Nendeni nyinyi."

Jumamosi, 25 Mei

Nimeoka keki ya tufaha ya tabaka. Nimekata maua ya bustani yote. Ndani ya pikapu, kwenye kile kisanduku cha mbele, nimekuta kikopo cha ugoro cha mwaka jana, kimebaki nusu. Nimekibeba.

Jumapili, 26 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa mkono umechoka na jembe.

Geti lilikuwa wazi. Ronnie alikuwa amesimama kando yake amevaa shati la kanisani ndani ya koti la kazi. Kila gari lililopita lilimpigia honi, naye akaweka alama kwenye karatasi yake, bila kukosa hata moja.

Majani yalikuwa yamefika magotini. Denzil alikuwa amedidimia kidogo, kama wanavyofanya mwaka wa kwanza. Nilipiga magoti nikamrudishia udongo, nikampalilia mpaka akawa safi. Sikulia. Nilikuwa nimepanga kulia, lakini watoto wa Muncy walikuwa wakigombania reki karibu yangu, na mmoja akamwita mwenzake "kichwa cha kabichi", na nafasi ikapita. Nikatundika kofia ya Denzil kwenye mwerezi.

Bwana Rusk alikuja na buti mpya. Akasaidia kubeba meza, akasikiliza wimbo, kisha akasimama pembeni kama mtu kwenye harusi ya wasiomjua.

Kabla ya chakula nikaenda kwenye lile jiwe la bapa karibu na uzio, nikaweka ugoro kidogo. Maci alikuwa akipita na ndoo ya maua.

"Hiyo ni nini?"

"Ugoro. Denzil aliweka hapa kila mwaka. Sijui kwa nini."

Akatazama ugoro, akatazama jiwe. Kisha akaweka ndoo chini na kumwendea Bwana Rusk mbio. Sikusikia walichozungumza. Niliona Bwana Rusk akitazama chini kule getini, halafu akaanza kushuka mlima kwa hatua ndefu, Maci mbele yake.

Baada ya muda Ronnie akapanda, bila kofia, anahema.

"Nani yuko getini?" nikamuuliza.

"Mwalimu. Amechukua kofia yangu na karatasi. Anasema yeye hana mtu huku juu, na sharti linasema mlinzi asitoke, halisemi mlinzi awe nani." Akamgeukia binti yake. "Haya, umenitoa kazini. Kuna nini?"

Maci hakusema. Alinyoosha kidole tu kwenye jiwe.

Ronnie akainama. Akakigusa kile kidogo cha kahawia kwa kidole, akanusa. "Nani kaweka ugoro hapa?"

"Mimi," nikasema. "Badala ya Denzil. Alisema asipompa huyu atamsema."

Ronnie akapiga magoti. Mabega yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha ikawa vyote viwili. "Bibi yangu alikuwa akisimulia," akasema. "Mama yake, huyo Tennie, alifukuzwa kwenye kwaya. Alitema ugoro kwenye kitabu cha nyimbo, akasema ubeti wa tatu ulikuwa mbaya tangu mwanzo."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Colt, mdomo umejaa yai, akasema, "Sasa najua Maci kamrithi nani."

"Nyamaza, mla vitunguu," akasema Maci, lakini alikuwa akitabasamu.

"Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni yeye," nikamwambia Ronnie.

"Hatuko mahakamani, mama." Akavua koti. "Nipe jembe."

Tulikula. Ronnie akampelekea Bwana Rusk sahani getini, imefunikwa sahani nyingine, akabaki huko kwenye zamu yake. Alasiri Bwana Rusk alirudi juu, na alama ya kofia kwenye paji la uso, akaimba nyimbo ambazo hazijui.

Saa kumi na moja magari yalishuka. Langu lilikuwa la mwisho, kwa sababu nilirudi kuchukua kofia ya Denzil mtini, kisha nikaiacha. Ronnie alikuwa ameshika mnyororo. Akangoja nipite, akafunga, akalijaribu kufuli kwa mkono, kama anavyopaswa. Kisha akaja dirishani.

"Na mwakani, Bi Oleta?"

"Mwakani," nikamwambia, "nitakutaarifu."